Kabla ya kuchapa bango, lipelekeni mnadani

Mwaka juzi, siku ya kupokea wanafunzi wapya katika chuo kimoja cha kanda yetu, mzee kutoka Mang'ola alikaa karibu saa mbili kwenye benchi chini ya kibao nilichokitengeneza mimi. Alikuwa amemleta mjukuu wake kuanza masomo. Ada alikwisha kuilipa benki, fedha ya vitunguu, na mkononi alishika risiti iliyokunjwa mara nne, aliyoambiwa aipeleke kwa mhasibu. Mimi nilikuwa nimekuja kumalizia stika za milango ya vioo. Nikamsalimu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti yangu. Eti mhasibu wa hapa anakaa wapi?"

Nikainua macho. Kibao kilikuwa juu ya kichwa chake, herufi za dhahabu kwenye buluu iliyoiva: "Bursar". Nikamwambia ni hapo hapo, babu, mlango ulio nyuma yako. Akageuka, akakitazama kibao bila haraka, herufi baada ya herufi, kisha akaniuliza: "Sasa mbona hawajaandika?"

Mzee yule anasoma. Dakika chache baadaye alinionyesha jina la mjukuu wake kwenye fomu, akalisoma lote bila miwani. Kwa hiyo swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kwa mtu aliyesimama pale, hawakuwa wameandika.

Ninachora mabango Karatu huu ni mwaka wa kumi na tisa. Nilianza Rhotia, kwa mjomba aliyekuwa akiandika maduka na matela, enzi za rangi ya mafuta na uzi uliopakwa chaki kunyooshea mstari. Alinifundisha kushika brashi kwa vidole vitatu na kuvuta pumzi kabla ya kuvuta herufi S. Baadaye nikasomea usanifu wa michoro Dar es Salaam, nikarudi na kompyuta na mashine ya kukata stika. Kibao kile cha mhasibu nilikitengeneza vizuri. Kingo zilikuwa safi, nilikipima kwa pima maji, skrubu zote nne zikakaa sawa. Faili lilikuja tayari kutoka makao makuu ya chuo, lina nembo, lina rangi, lina aina ya herufi, na nikalifuata kama lilivyo. Kosa langu ni kwamba sikuuliza swali moja: nani atasimama hapa?

Ndilo ninaloliandikia leo. Vyuo vyetu, halmashauri zetu, hospitali na mamlaka zinazosimamia hifadhi hutumia fedha nyingi kwa mabango, na karibu kila mara mtu wa mwisho kuliona bango kabla ya kuchapwa ni bosi anayeliidhinisha akiwa amekaa kwenye kiti, mbele ya skrini, kivulini. Bango lisichapwe mpaka lisomwe kwanza na mtu litakayemwelekeza, na alisome akiwa amesimama umbali atakaosimama.

Najua vyuo vikuu vyetu vinafundisha kwa Kiingereza, na mjadala wa lugha ya kufundishia nauachia wenye taaluma yao. Lakini geti la chuo halifundishi. Getini anapita mzazi, bodaboda, mama anayeleta maandazi, fundi bomba, mlinzi wa zamu ya usiku. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimebeba wito wa Kiswahili miaka yote hii, Hekima ni Uhuru, na sijasikia mtu akisema wito huo umekishusha hadhi. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kama hakimu anaweza kutoa hukumu kwa Kiswahili, mlango wa mhasibu unaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na Kiingereza kikakaa chini yake kwa herufi ndogo kwa ajili ya mgeni.

Hapa wenzangu wa kazi hunijibu kwamba Kiswahili hakiingii. Wana ukweli wao. Faili la makao makuu linakuja na kisanduku kilichopimwa kwa neno lenye herufi sita. Ukiweka "Ofisi ya Mhasibu" inabidi herufi zipungue hadi nusu, au zibanwe mpaka zishikane mabega. Kwa hiyo tunabana. Ukitembea kwenye korido za ofisi zetu utaona Kiswahili kilichobanwa kila mahali, kimesukumwa pembeni kama mgeni aliyechelewa kwenye sherehe. Lakini maneno yetu ni marefu tangu zamani, na kila mwandishi wa mabango anajua hivyo kabla hajawasha kompyuta. Kisanduku ndicho kilichopaswa kupimwa kwa maneno. Kompyuta nayo, ikiwa imewekwa kwa Kiingereza, hukata maneno yetu mwisho wa mstari popote inapotaka. Nimewahi kuona kipeperushi cha chuo kilichokata "ng'ombe" baada ya alama ya ritifaa, "ng'" juu na "ombe" chini, na kikachapwa hivyo hivyo.

Halafu kuna vumbi. Anayetoka nje ya Karatu hawezi kulijua vumbi letu. Ni jekundu, laini kama unga wa ulezi, na kuanzia Juni mpaka mvua za vuli linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Kibao cheupe kando ya barabara ya vumbi, kikifika Septemba, theluthi yake ya chini imekuwa rangi ya chai. Herufi nyembamba za kijivu, zile zinazopendwa sasa kwa sababu zinapendeza kwenye simu, humezwa kabisa. Mjomba alikuwa na kanuni yake: mguu wa herufi usiwe mwembamba kuliko kidole gumba. Nikiwa chuoni niliiona kanuni ya kishamba. Leo naitumia kila siku.

Na jua letu lina tabia ambayo kila anayeagiza bango angepaswa kuijua. Bango lililochapwa kwa mashine hutengenezwa kwa wino wa rangi nne: samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi. Jua linapolichoma, njano na waridi ndizo hutangulia kuondoka, na nyekundu imetengenezwa na hizo mbili. Samawati na nyeusi hubaki. Nendeni mkatazame bango lolote la fleksi lililokaa juani miaka miwili: nyuso za watu zimekuwa za buluu kama maiti, na neno lililoandikwa kwa nyekundu halipo. Na sisi nyekundu tunaiweka wapi? Kwenye HATARI. Kwenye USIPITE. Tunachukua neno linalookoa maisha na kulipa rangi itakayokufa ya kwanza. Nimewahi kupita kwenye transfoma ambayo kibao chake kilibaki na maandishi madogo meusi ya chini tu; neno kubwa lilikuwa kivuli cha njano hafifu, na watoto walikuwa wanacheza pembeni yake. Nilirudi siku iliyofuata na kopo la rangi ya mafuta na brashi. Hakuna aliyenituma.

Ukipanda kuelekea Ngorongoro mambo yanageuka. Lami inakufikisha lango la Lodoare, kisha barabara inaingia msituni na kupanda hadi ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Huko adui ni ukungu. Asubuhi za Julai unaweza kusimama kwenye kituo cha kutazamia kreta usione kreta, na dereva hukiona kibao kikiwa tayari ubavuni mwa gari. Kisha kuna nyati na tembo, ambao nguzo ya kibao kwao ni mahali pa kujikunia. Kibao cha kule kinahitaji herufi chache, nene, nyeupe juu ya rangi ya giza, na nguzo iliyozikwa kwelikweli. Kando ya barabara ile ile, ukingoni, kuna kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyekufa kwenye ajali ya ndege Januari 1959 akiwa katika kazi ya kuhesabu wanyama, na baba yake Bernhard aliyezikwa hapo baada ya kifo chake mwaka 1987. Ni rundo la mawe na maandishi mafupi. Yanasomeka mpaka leo kwa sababu aliyeyapanga alijua mahali pale pana hali gani ya hewa, akachagua jiwe na maneno machache.

Sasa niseme kuhusu majina, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Bonde ambalo dunia nzima inaliita Olduvai ni Oldupai. Ni jina la Kimaasai la mkonge pori unaoota kule. Mwaka 1911 alipita Mjerumani, Kattwinkel, na masikio ya kigeni yakageuza p kuwa v. Herufi moja tu. Ikaingia kwenye ramani, kutoka kwenye ramani ikaingia kwenye vitabu, na mwaka 1959 Mary Leakey alipolipata fuvu la Zinjanthropus, kosa lile likaenea ulimwenguni pamoja na fuvu. Leo jina rasmi ni Oldupai, lakini andika Oldupai kwenye kipeperushi cha wageni uone watakavyokurudishia faili wakidhani umekosea. Hivyo ndivyo maandishi ya hadharani yalivyo na nguvu. Kosa la mdomoni hupita na upepo. Kosa la kwenye kibao huzaa wajukuu. (Kwenye njia panda ya kuelekea huko, tangu mwaka 2019 pana mnara wa mafuvu mawili makubwa, la Zinjanthropus na la Homo habilis. Madereva hawahitaji tena kibao. Wanasema "tukutane kwenye mafuvu", na kila mtu anafika. Aliyeubuni alielewa kazi.)

Lango lenyewe la hifadhi nimeliona limeandikwa Lodoare, Loduare na Lodware, yote matatu, na mtalii mmoja aliwahi kuniuliza kama ni malango matatu. Mang'ola huandikwa Mangola na nusu ya wachapaji, kwa sababu ritifaa iko mbali kwenye kibodi, au huandikwa kwa alama iliyogeuzwa. Lakini ng' na ng ni sauti mbili, na mtoto wa darasa la pili anazitofautisha. Ukiondoa ritifaa umeandika kijiji kingine ambacho hakipo.

Kata ya Qurus inaanza na herufi ambayo haimo kwenye alfabeti ya Kiswahili. Nimeletewa oda ya kuandika "Kurus" na kijana aliyetumwa kutoka mjini Arusha, akinieleza kwa upole kwamba Q ni kosa la chapa. Si kosa. Ni Kiiraqw, lugha ya watu walio wengi hapa Karatu, na Q hiyo inatamkwa nyuma kabisa ya kinywa, karibu na koo. Maandishi ya Kiiraqw yana hata mkwaju unaosimama kama herufi kamili, kwa ajili ya sauti ambayo Kiswahili hakina. Nikiandika bango la Kiiraqw, kompyuta huona ule mkwaju na kudhani neno limekwisha, ikalikata vipande viwili. Lazima nikae nirekebishe kwa mkono, neno kwa neno. Inachukua mchana mzima, na ni mchana mzuri kuliko siku nyingi za kazi yangu, kwa sababu bibi yangu angelisoma bango lile na kujiona yumo.

Kuna alama moja Tanzania ambayo kila mtu anaisoma bila kufundishwa, nayo ni ile X ya barabarani. Nyekundu, wewe uliifuata barabara, bomoa, hakuna fidia. Kijani, barabara ndiyo iliyokufuata, baada ya sheria ya mwaka 2007 kupanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, subiri fidia. Wakazi wa Kimara, Dar es Salaam, waliielewa vizuri mwaka 2017 nyumba zao zilipobomolewa. Nimeishi kando ya barabara kuu na nimewahi kuamka nikaikuta kwenye ukuta wa jirani. Mama wa nyumba ile aliigusa kwa kidole kuona kama rangi imekauka. Sitaisifia alama iliyoliza watu. Lakini nikiwa mtu wa kazi hii ninaona jambo linaloniumiza. Serikali inapotaka kubomoa, inaandika kwa herufi kubwa kama mlango, usawa wa macho, juu ya kitu chenyewe kinachohusika, kwa rangi mbili ambazo kila mmoja anajua maana yake. Inapotaka kumwelekeza mjamzito mlango wa kliniki, inabandika karatasi ya A4 ndani ya mfuko wa nailoni. Kumbe tunaweza. Ujuzi wa kuandika jambo likasomwa na kila mtu tunao.

Sababu ya kutokufanya hivyo ni malipo. Sisi tunalipwa kwa mita ya mraba. Fleksi ina bei yake kwa mita, stika bei yake, bati bei yake, na kufikiri hakuna bei. Nikikushauri upunguze maneno na bango liwe dogo, nimejipunguzia riziki. Nikitumia siku tatu kuulizia watu kama wanaelewa, siku hizo hazimo kwenye ankara. Nyaraka za zabuni nilizojaza zinataja unene wa bati, urefu wa nguzo, hata aina ya skrubu. Sijawahi kukuta mstari unaosema nani atalisoma, akiwa umbali gani, na mzabuni ataonyeshaje kwamba limesomeka. Tumezoea kuona kuchora ni jambo la mkono tu. Nembo ya taifa letu iko kwenye barua za serikali, na mpaka leo tunabishana nani hasa aliichora; Mzee Francis Maige Kanyasu, Ngosha, aliyesema ni kazi ya mkono wake, alifariki Mei 2017 baada ya miaka ya dhiki Buguruni.

Kuijaribu kazi kabla ya kuitoa si anasa ya nchi tajiri. Ni kweli Uingereza, wabunifu Jock Kinneir na Margaret Calvert walipotengeneza alama za barabara kuu, vibao vyao vilifungwa juu ya gari, gari likaendeshwa kuelekea watu waliokaa kwenye viti uwanja wa ndege, kila mmoja akasema ameanza kusoma akiwa umbali gani. Lakini hata sisi, mwaka 1965, katika uchaguzi wa wabunge chini ya TANU, karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili na kila mmoja alipewa alama: jembe au nyumba. Kuna mtu alikaa akafikiri, mpiga kura asiyejua kusoma atafanyaje? Akajibu kwa vitu viwili ambavyo kila Mtanzania anavijua hata gizani. Swali lile lilikuwepo mezani wakati nchi haina kompyuta hata moja ya kuchorea.

Baada ya yule mzee nilirudi kwa wale wa chuo, nikawaomba nitengeneze vibao vya majaribio kwa gharama yangu. Walikubali, na nawashukuru. Nikachukua maboksi, nikakata vibao vya saizi kamili, nikaandika kwa wino mweusi, nikaenda navyo siku ya mnada. Mnadani wapo wote: Wairaqw, Wamaasai, Wabarbaig, Wachaga wa mitumba, vijana wa boda. Nilipima hatua ishirini, nikaegemeza kibao kwenye mkokoteni, nikawa nawauliza wapitaji kitu kimoja tu: ukiona hiki mlangoni, ndani wanafanya nini?

Cha kwanza nilikuwa nimeandika "Malipo". Nilijiona nimemaliza. Mama mmoja mwenye gunia la vitunguu alikisoma mara moja, kwa sauti, kisha akaniuliza: "Hapa mtu analipa au analipwa?" Nilibaki nimesimama. Miaka yote naliandika neno hilo na sikuwahi kulisikia. Nikageuza boksi upande wa pili, nikaandika "Leta risiti ya ada hapa". Akacheka, akasema sasa hilo ni la kueleweka, akaendelea na gunia lake. Nililijaribu kwa wengine mpaka jua likapinda, hakuna aliyeuliza tena. Ndilo lililo mlangoni kwa mhasibu leo, kwa rangi nyeusi juu ya njano, mguu wa herufi unene wa kidole gumba.

Cha pili bado kinanisumbua. Niliandika "Msajili", neno sahihi, la kwenye kamusi. Kijana wa boda alilitazama akasema ndani wanasajili laini za simu. Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu, binti aliyekuwa anasubiri matokeo ya kidato cha sita, akasema anadhani ni ofisi ya vizazi na vifo. Nimeshajaribu maneno manne mengine, na boksi liko hapa kibandani limeegemea ukuta, upande mmoja bado mweupe. Mnada ujao nitakwenda nalo tena.